Ganesh wa Mti wa Mukau

Ukiuliza mjini Machakos ni nani Jasumati, watu watakutumbulia macho tu. Uliza Mama Msasa, na mtu wa kwanza utakayekutana naye sokoni atakupeleka mpaka mlangoni. Ni duka la vifaa vya ujenzi lenye milango ya kijani, na ndani yake, juu ya kigoda kirefu, ameketi bibi mfupi wa Kihindi anayeamuru kila kitu kinachopumua.

Jina hilo alipewa na maseremala pamoja na wachongaji wa Wamunyu. Wenyewe husema ni kwa sababu anauza msasa mzuri, lakini wakiwa mbali na duka husema ni kwa sababu ya ulimi wake. Amezaliwa papo hapo, katika nyumba iliyo nyuma ya duka. Kikamba alikijua kabla hajakijua Kiswahili, na akikasirika huvichanganya vyote viwili pamoja na Kigujarati, mteja akabaki hajui ametukanwa kwa lugha gani.

Ana kasoro moja ambayo hakuna aliyeweza kuitibu. Maneno yake huyaacha nusu. "Leta ile." "Weka pale." Ile gani na pale wapi, shauri yako. Marehemu mumewe, Ratilal, alikuwa akilalamika kwamba alioa mwanamke mzima akapewa nusu ya mazungumzo. Anayeijua nusu ya pili ni Wayua, mama wa kutoka Mitaboni ambaye amefanya kazi naye tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

Macho yake yalianza kufifia miaka miwili iliyopita, mtoto wa jicho upande huu na upande ule. Hakumwambia mtu. Msasa aliutambua kwa kidole gumba, akajua huu mkali na huu laini bila kukosea, na noti alizipapasa. Jioni aliketi na sinia ya ndengu akichagua mawe kama mama yake alivyomfundisha, maana kazi hiyo hakuwahi kumwachia mtu. Basi siku moja akapita nyuma ya jikoni na kumkuta Wayua ameinama juu ya ndengu zile zile alizokwisha kuzichagua yeye. Wayua alikuwa anazichagua upya, na kando yake pana kirundo cha mawe. Hata macho yale ya ukungu yalikiona kirundo. Wayua alifunika sinia kwa kanga, Jasumati akarudi dukani, na aibu aliyoisikia ilimkaa kifuani wiki nzima.

Hapo ndipo alipoweka nadhiri. Alisimama mbele ya picha ya Ganesh, yule mungu mwenye kichwa cha ndovu anayeondoa vikwazo njiani, akamwambia bila kuzungushazungusha: nirudishie macho yangu, nami nitakukaribisha humu nyumbani siku ya sikukuu yako, na padri wa kukufanyia ibada. Na siku ya kuondoka nitakusindikiza majini, nikutazame kwa macho yangu mwenyewe mpaka nisikuone tena. Tangu Ratilal afariki, Ganesh hakuwa amewekwa nyumbani humo hata mara moja. Na hiyo, nadhani, ndiyo sala pekee ambayo Mama Msasa aliimaliza yote.

Alipasuliwa jicho la kwanza, kisha la pili. Bandeji ya mwisho ilipotolewa, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa Wayua.

"Wayua!" akapiga ukelele. "Umezeeka!"

Wayua alicheka mpaka akatafuta kiti. "Na wewe ngoja ufike kwa kioo, Mama."

Sasa nadhiri ilikuwa na mwenyewe, na ilikuwa inasubiri. Jasumati akampigia simu Maharaj, padri wa Kihindu aliye Nairobi, mwanamume mnene mzaliwa wa Kisumu ambaye kicheko chake husikika kabla hajaingia mlangoni. Msimu wa Ganesh ni msimu wake wa kukimbia. Kila nyumba inamtaka, na kila nyumba inamtaka saa ile ile, kwa kuwa ibada ya kumweka Ganesh hufanywa ikielekea adhuhuri.

"Jasumatiben, siku hiyo niko na nyumba hadi za kugawa," akasema, akimwongezea "ben", yaani dada. "Si uje tu huku, uketi na wengine?"

"Nimemwahidi nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu!" akafoka Jasumati. "Maharaj, wewe uliniambia uongo ni dhambi. Sasa unataka nimdanganye Ganesh?"

Kicheko kikapasuka upande wa pili. Akakubali. Angetoka Nairobi alfajiri ya Jumamosi, siku yenyewe ya sikukuu, amalize kabla adhuhuri haijapita, kisha arudi mbio kwa wengine. Ganesh angelala kwa Jasumati, na Jumapili angesindikizwa majini. Mahali pa maji palikuwa tayari: kwa kina Wayua, Mitaboni, kuna bwawa dogo la ukoo, na Wayua alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisani kwao kwamba mgeni wa Mama atapita huko baada ya misa.

Matayarisho yakaanza, na nyumba ikapoteza utulivu wake wote. Maharaj alitaja vitu kwa simu, Jasumati akavirudia kwa Wayua nusunusu. Nazi, popoo, kafuri, samli, maua mekundu. "Na nyasi."

"Nyasi gani, Mama?"

"Zile."

Wayua akamlazimisha Maharaj atume picha. Picha ilipoingia, akaiangalia kwanza kwa karibu, kisha kwa mbali, halafu akapiga makofi. Zilikuwa sangari. Nyasi zile zile alizozing'oa shambani kila msimu huku akizilaani zilikuwa ndizo Ganesh anazozipenda kuliko maua. "Sasa si angekuja kuishi kwangu?" akasema. "Angekula ashibe!" Wakacheka wote wawili mpaka mteja aliyekuwa akingoja misumari akaanza kucheka naye, bila kujua kisa chochote.

Ikabaki sanamu. Zamani Ratilal ndiye aliyekwenda Nairobi kuileta, na Jasumati kazi yake ilikuwa kuipokea mlangoni kwa taa. Safari hii hakutaka sanamu ya dukani. Alimtaka Muthoka. Huyu ni mchongaji wa Wamunyu ambaye amechonga ndovu tangu ujana wake, na siku zile za ukungu, akija kununua msasa, alikuwa akimtajia mwenyewe ameshika upi na ametoa noti gani, asije akakosea. Mtu wa namna hiyo, Jasumati alisema moyoni, mikono yake inafaa.

Akamwekea kalenda yenye picha juu ya kaunta. "Huyu. Mwenye kichwa cha ndovu. Ukubwa huu."

Muthoka akaitazama picha kwa heshima. "Hii kazi naiweza, Mama. Ndovu ni rafiki yangu. Hapa kwa tumbo ndio nitaenda polepole."

"Halafu siku ya pili anaingia kwa maji."

"Kwa maji?"

"Kwa maji," akajibu Jasumati, na tayari alikuwa amemgeukia mteja wa gundi.

Kwake yeye, yote yalikuwa yamesemwa. Tangu azaliwe, Ganesh anayepelekwa majini ni wa udongo, ili ayeyuke na kurudi kwao, na hakuna mtu nyumbani kwao aliyewahi kuhitaji kuelezwa hilo. Muthoka naye akaondoka akiwa ameelewa vizuri kabisa, kwa namna yake.

Asubuhi ya Jumamosi nyumba ilinukia sukari guru na nazi. Kamba ya majani mabichi na maua ya manjano ilining'inia mlangoni, kiti kidogo kimetandikwa kitambaa chekundu, na Wayua amevaa gauni lake la kanisani huku akipanga maandazi madogo ya mvuke wanayoyaita modak, chakula ambacho Ganesh hakikatai. Muthoka akafika na mzigo ndani ya blanketi, ameubeba kama mtoto aliyelala. Akauweka mezani na kuufunua.

Jasumati alishika mdomo. Alikuwa Ganesh kweli, ameketi kwa raha zake, mkonga umejikunja ukigusa kitumbua kilicho mkononi, na masikio yamepinda ukingoni kama ya ndovu anayesikiliza. Kucha za miguu zilionekana, mikunjo ya magoti pia, na hata pembe moja iliyovunjika, kama ilivyo kwenye picha. Kitu hiki chote angekikosa mwaka uliopita. Angekipapasa tu.

"Muthoka," akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia dukani. "Ni mzuri."

Muthoka akavimba kwa furaha. "Na si mzuri pekee, Mama. Uliniambia ataingia kwa maji, sindio? Nikasema hapa nisimwaibishe Mama. Huyu ni mti wa mukau. Mchwa akikuja hapa atarudi kwao na njaa. Halafu nikampiga vanishi, ikakauka, nikampiga ingine. Ndiyo maana nimechelewa. Jana nimemtumbukiza kwa pipa kutwa nzima." Akamgonga Ganesh tumboni kwa kiungo cha kidole. "Hata tone halijaingia. Na hazami! Unamsukuma chini, anarudi juu."

Jasumati alimtazama Muthoka, akamtazama Ganesh, akamtazama Muthoka tena.

"Hazami," akarudia.

"Kabisa!"

Nje mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo, na kicheko cha Maharaj kikaingia kabla yake. Alikuja na mkoba wake wa kengele na vyombo, akasimama mbele ya meza, akaunganisha viganja kwa heshima. Kisha akaigusa sanamu, akaigonga kama alivyoigonga Muthoka, na macho yakamtoka. "Jasumatiben, hii ni mbao."

Basi hapo dhoruba ikazuka. "Muthoka! Nani alikuambia mbao?"

"Mama, mimi ni mchongaji! Ulitaka nichonge nini, uji?"

"Nilikuambia anaingia kwa maji!"

"Ndiyo nikamkinga na maji!"

Wayua ndiye aliyelazimika kuingia katikati, akawaeleza kila mmoja nusu aliyokosa. Alipofika mahali pa kuyeyuka, Muthoka akakaa chini. "Yaani huyu," akasema akimwonyesha Ganesh, "mngemtupa kwa maji aishe? Huyu niliyemtengeneza mpaka kucha?" Na Maharaj, ambaye alikuwa ameshikilia tumbo muda wote, akashindwa. Alicheka machozi yakamtoka.

Alinyamaza alipomwona Jasumati. Bibi yule aliyekuwa akiogopwa na wauza saruji alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani, na machozi ya kwake hayakuwa ya kicheko.

"Nilimwahidi," akasema. Na kwa mara nyingine hakuacha neno nusu. Akamweleza Maharaj habari ya macho, akamweleza habari ya ndengu na kile kirundo cha mawe, na Wayua alikuwa pale pale anasikia. "Nilisema nitamsindikiza nikimwona, mpaka nisimwone tena. Amenirudishia macho yangu yote mawili. Yeye amemaliza upande wake. Sasa mimi nimpe nini? Nimfungie mawe azame? Na Nairobi nikituma mtu sasa hivi akanunue wa udongo, adhuhuri itapita."

Wayua akawa anafuta meza isiyo na uchafu. Maharaj akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Huyu wa mukau hana kosa lolote," akasema. "Huyu atakaa nyumbani, mwaka hadi mwaka, tutamwabudu pamoja na mwenzake. Wa kwenda majini ndiye wa udongo. Sasa nikuulize, Ben. Ganesh wa kwanza alitengenezwa na nani?"

"Na mama yake. Parvati."

"Fundi?"

"Hapana. Mama tu."

"Aliagiza Nairobi?"

Jasumati akapangusa pua. "Alijipaka dawa ya manjano mwilini, akajisugua, na kile kilichotoka akamfinyanga mtoto."

"Na wewe uko na udongo?"

Swali hilo, kuuliza mtu wa Machakos! Dirisha lilikuwa wazi, na nje yake ua mzima ni mwekundu. Ule udongo Jasumati aliula alipokuwa mtoto, akachapwa kwa sababu yake, akaula tena. Lakini alirudi nyuma kama mtu aliyetishwa.

"Mimi? Maharaj, mimi chapati yangu haijawahi kuwa duara. Muulize Wayua!"

"Ni kweli," akasema Wayua. "Inakuwaga na pembe."

"Wewe ndiye uliyeahidi," akasema Maharaj akiangalia saa. "Na mimi niko na nyumba zinaningoja. Chimba."

Walichimba chini ya mti wa maua mekundu, mahali ambapo miguu haipiti. Wayua akauchekecha kwa chungio la jikoni, Maharaj akanyunyiza samli na manjano, na Jasumati akakunja mikono ya blauzi na kuanza. Ole wake! Tumbo lilikaa vizuri, kwa kuwa tumbo ni donge tu. Kichwa kikaanguka. Akakirudisha, kikaanguka upande wa pili. Mkonga ulikatika ukaanguka kwenye bakuli la maji, na masikio yakawa moja la ndovu, moja la sungura.

Muthoka alikuwa ameikalia mikono yake ili asiinyoshe. "Mama, pua imepinda."

"Njoo uinyoshe basi!"

"Siwezi. Mimi najua kuondoa tu, kuongeza sijui. Nikimgusa huyo nitammaliza."

Maharaj alikuwa analia tena kwa kicheko, na Wayua, na mwishowe Jasumati mwenyewe, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, akicheka kama msichana. Hata hivyo vidole vyake havikusimama. Vidole vilivyosoma msasa gizani vilijua kulainisha. Akalaza bega, akabana mkonga kwa kidole gumba, akasugua tumbo kwa maji mpaka likang'aa. Alipomaliza, palikuwa na Ganesh mdogo aliyeegemea upande kidogo, kama mtu anayesikiliza jirani. Hakuwa mzuri. Lakini usingeweza kumkosea.

"Hana macho," akasema Muthoka.

Jasumati akaingia jikoni mwenyewe. Alirudi na sinia ya ndengu, akainama juu yake dirishani. Jasumati aliondoa jiwe moja dogo, akaliweka kando, akaondoa na jingine, akatafuta mpaka akapata punje mbili za kijani zilizolingana kabisa. Akazibonyeza taratibu, moja huku na moja kule. Kisha akampa Wayua yale mawe mawili mkononi.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona, Mama," akajibu Wayua, akayafumba mawe kiganjani.

Wakaiwahi adhuhuri. Ganesh wa mukau akawekwa nyuma kama kaka mkubwa, Ganesh wa udongo akawekwa mbele kwenye kitambaa chekundu. Maharaj aliimba, kengele ikalia, kafuri ikawaka, na Jasumati akampa mgeni wake sangari za Mitaboni fungu kwa fungu. Muthoka aliketi mlangoni, kofia mkononi, akitazama mtu akiinamia kazi ya mikono yake. Ndovu wake wote walikuwa wamepanda ndege na kwenda kwa watu asiowajua. Huyu alikuwa anakaa Machakos. Alipopewa modak akala, akanyosha mkono apewe nyingine.

Jumapili, misa ilipoisha Mitaboni, kina mama wa kwaya walikuwa wamejipanga njiani wakingoja. Walikuwa wamesikia kuna mgeni, na mgeni wa Wayua si wa kupita kimya kimya. Wakamsindikiza kwa vigelegele na nyimbo zao wenyewe za kushukuru, Jasumati katikati yao amebeba sinia kifuani, Muthoka mbele akiondoa mawe njiani. Mama mmoja alimchungulia Ganesh, akauliza mbona ameinama.

"Anasikiliza," akajibu Jasumati.

Bwawani alivua viatu akaingia mpaka magotini, Wayua amemshika mkono mmoja. Kisha akamwomba amwachie mkono, akamshusha mgeni kwa mikono yote miwili. Udongo wa Machakos hauna haraka. Ulianza na masikio, ukafuata mkonga uliokuwa na shida tangu mwanzo, kisha tumbo likalegea, na maji yakawa mekundu kuzunguka vidole vyake. Katika viganja zikabaki punje mbili za kijani zikimtazama.

"Syoka mituki," akamwambia kwa Kikamba, vile alivyowaambia wateja wake maisha yote wakitoka dukani. Rudi upesi. Akafungua vidole.

Wayua aliinama kando yake, akakaza macho kwenye maji mekundu. "Ameenda, Mama? Mimi sioni kitu."

"Bado," akasema Jasumati. "Mimi namwona."

Wakangoja. Hakuna aliyemharakisha. Alisimama majini ameinamisha uso, akifuata kitu kidogo kilichokuwa kikishuka, mpaka akainua kichwa.

"Sasa," akasema.

Akageuka akatoka majini bila kushikwa mkono na mtu, akiangalia mwenyewe anapokanyaga.